Sauti ya Mzee Mbele ya Kompyuta: Kufundisha Uimbaji wa Klasiki wa India kwa Njia ya Intaneti

1. Maneno matatu

Yako maneno matatu ambayo Mswahili huyatamka kila siku bila kuwaza kwamba upande wa pili wa Bahari ya Hindi yana kazi nyingine. La kwanza ni "riadha". Kwa Kiswahili ni mbio na michezo ya viungo. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kujizoeza. Neno hilohilo lilipita katika Kiajemi, likaingia katika Kihindi na Kiurdu kwa umbo la "riyaz", na huko halihusu miguu bali koo na vidole: ni mazoezi ya kila siku ya mwimbaji au mpiga ala. La pili ni "elimu", pamoja na ndugu zake "taaluma" na "mtaalamu". Katika ukoo huohuo wa Kiarabu limo neno "talim", ambalo kwa wanamuziki wa kaskazini mwa India ni somo ambalo mwanafunzi hupewa na mwalimu wake, uso kwa uso. La tatu ni "ustadhi", lenye asili ya Kiajemi. Huko India "ustad" ni jina la heshima la bingwa wa muziki aliye Mwislamu, kama "pandit" lilivyo kwa bingwa aliye Mhindu.

Asije mtu akadhani kwamba Kiswahili kiliyaazima maneno hayo kutoka India. Lugha hizi zilichota katika kisima kimoja, kila moja kwa njia yake. Hata hivyo ujamaa huo wa maneno unamsaidia msomaji kuingia katika jambo linaloelezwa katika makala haya. Leo hii, katika miji kama Pune, Mumbai, Kolkata na Dharwad, wako walimu wa uimbaji waliovuka umri wa miaka 60 au 70, ambao tangu ujana wao walijua talim ya namna moja tu, ile ya kuketi sakafuni na mwanafunzi hatua moja mbele yao. Tarehe 25 Machi 1969 au 1989 hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuelewa swali linalowakabili sasa. Tarehe 25 Machi 2020 serikali ya India iliwafungia wananchi majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19, na wengi wa wazee hao wakajikuta, kwa mara ya kwanza, mbele ya simu au kompyuta iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu, wakimwimbia mtu asiyekuwapo chumbani. Maradhi yalipopungua, wanafunzi wa mbali hawakuondoka. Swali ni hili: katika talim ya mzee, ambaye elimu yake kwa sehemu kubwa haikuandikwa na ambaye sauti yake mwenyewe inapungua, ni kitu gani kinachopita katika waya, na ni kitu gani kinachobaki chumbani?

2. Somo lilivyo chumbani

Muziki wa klasiki wa India una matawi mawili makubwa: ule wa kaskazini uitwao Hindustani, na ule wa kusini uitwao Karnatak. Makala haya yanashughulika na tawi la kaskazini, hasa mtindo wa uimbaji uitwao "khayal", neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya kuwaza au kubuni. Jina hilo halikutolewa bure. Mwimbaji hana karatasi mbele yake. Ana utungo mfupi wa mistari michache, uitwao "bandish", na kutokana na mistari hiyo hujenga uimbaji wa nusu saa au saa nzima, akibuni papo hapo bila kuzivunja kanuni.

Noti ni saba, nazo hutajwa kwa silabi: sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Msomaji aliyeimba katika kwaya ya parokia atazilinganisha mara moja na do, re, mi, na hatakosea sana. Tofauti moja ni muhimu. Katika desturi ya Kifaransa ambayo wengi wamefundishwa shuleni, do ni sauti moja isiyohama. Sa ya Kihindi huhama: kila mwimbaji huchagua mahali pa Sa yake kulingana na koo lake, na noti nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Sa na Pa hazibadiliki. Re, ga, dha na ni zinaweza kushushwa, ma inaweza kupandishwa, na kwa hesabu hiyo hupatikana noti kumi na mbili. Nyuma ya mwimbaji hulia tanpura, ala ya nyuzi nne ambayo haipigi wimbo wowote. Kazi yake ni kushikilia Sa, na mara nyingi Pa, bila kukoma, kama ukuta ambao fundi huupimia kazi yake yote.

Wingi wa noti si elimu yenyewe. "Raga" si ngazi ya noti tu. Ni namna ya kutembea juu ya ngazi hiyo, ni wapi pa kupumzika, wapi pa kupita haraka, noti ipi ifikiwe kwa kuzunguka. Mfano mmoja utatosha. Katika raga iitwayo Darbari Kanada, ga ya chini haiimbwi ikiwa imesimama. Huyumbishwa polepole, tena huwekwa chini kidogo kuliko ga ya namna hiyo katika raga nyingine. Kwa kiasi gani? Hakuna kitabu kinachoweza kusema. Mwalimu huiimba, mwanafunzi huiimba, mwalimu hutikisa kichwa kukataa, huiimba tena. Na hivyo kwa miezi. Ni kwa sababu ya mambo kama hayo radio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kinanda cha harmoniamu mwaka 1940, na marufuku hayo yakadumu kwa takriban miaka 30: kinanda hakiwezi kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, wala hakiwezi kuyumba.

Kwa hiyo elimu hii ilikaa katika nyumba. Neno lenyewe linalotaja shule ya uimbaji, "gharana", limetokana na "ghar", yaani nyumba. Mwanafunzi alifungwa uzi mkononi kwa sherehe, akawa mtoto wa mwalimu. Mara nyingi alihamia kwake, akabeba maji, akafagia, akasikia mazoezi ya alfajiri kupitia ukuta kabla ya kuruhusiwa kufungua kinywa. Wengine hawakuhamia lakini walisafiri. Gangubai Hangal (1913–2009), mwimbaji mashuhuri wa gharana ya Kirana, alikuwa akipanda treni kutoka Hubli hadi Kundgol ili apokee somo kwa Sawai Gandharva. Mwanafunzi akikomaa, hukaa nyuma ya mwalimu jukwaani, akipiga tanpura, na mwalimu anapovuta pumzi yeye huishikilia noti isikatike.

Desturi hii ya mwisho ishikwe vizuri, maana ndiyo kiini cha jambo. Mwalimu na mwanafunzi huimba pamoja. Si kwa zamu tu. Kadiri mwalimu anavyozeeka, ndivyo sauti ya kijana iliyo nyuma yake inavyombeba.

3. Aliyekwisha kuvunja ukuta

Si kweli kwamba nyumba hizo zilikaa zimefungwa hadi ilipokuja intaneti. Mwaka 1901 Vishnu Digambar Paluskar (1872–1931) alifungua mjini Lahore, ambao sasa uko Pakistani, shule ya muziki yenye madarasa, ada na mitihani. Mwenzake, Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936), mwanasheria wa Bombay, alizunguka nchi nzima akikusanya nyimbo vinywani mwa mabingwa, akazichapa kwa alama za kuandikia noti katika mfululizo wa vitabu sita. Wako mabingwa waliomwona kama mtu aliyechukua mali ya nyumba na kuitandaza sokoni. Leo vitabu vyake vinafunguliwa na wajukuu wa mabingwa haohao.

Jambo linalopaswa kuonekana ni kwamba Bhatkhande aliandika mifupa. Ga ya Darbari katika alama zake ni ga ya chini, basi. Kuyumba kwake msomaji akakutafute kwa mwenye nyumba. Kila chombo kipya huchagua kinachoweza kukibeba. Kitabu kilibeba maneno na noti, kikaacha mwendo wa sauti. Sahani ya santuri ilibeba mwendo wa sauti, lakini haikumsikia mwanafunzi wala haikumkosoa. Intaneti ilileta chombo kinachobeba sauti pande zote mbili kwa watu waliotengana kwa nusu ya dunia. Ndiyo maana ilipokelewa kwa matumaini makubwa, na ndiyo maana kasoro yake inauma zaidi.

4. Sauti inapozeeka

Mwili wa binadamu hauna siri katika jambo hili. Misuli ya koo hupungua unene, nyuzi za sauti hukauka na kukakamaa, mapafu hayanyumbuki kama zamani. Sauti ya mwanamke hushuka. Ya mwanamume, katika uzee sana, hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Pumzi huisha kabla ya sentensi ya muziki kuisha. Noti ndefu, ambayo ndiyo fahari ya khayal ya polepole, huanza kutetemeka, na mtetemeko huo si ule wa Darbari.

Wahindi wamelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, kwa kuwa mabingwa wao wengi waliimba hadi uzeeni. Alladiya Khan (1855–1946) aliipoteza sauti yake akiwa bado na nguvu, kwa sababu ya kuimbishwa mno katika baraza la mtawala. Iliporudi haikuwa ileile, naye akajenga mtindo mwingine, wenye vifungu virefu vilivyosukwa kwa hesabu, usiotegemea utamu wa koo. Mtindo huo ndio gharana ya Jaipur-Atrauli. Wanafunzi wake wawili, Kesarbai Kerkar na Mogubai Kurdikar, walikuwa miongoni mwa waimbaji wakuu wa karne ya ishirini, na sauti ya Kesarbai imo katika sahani ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Gangubai naye, baada ya matibabu ya koo, sauti yake ilishuka ikawa nzito kama ya mwanamume, akaimba nayo hivyo kwa miongo mingi.

Kwa hiyo mzee hapotezi kila kitu. Sikio lake haliendi sambamba na koo. Mara nyingi hukomaa koo linapochoka. Kumbukumbu ya nyimbo hubaki, pengine mamia ya bandish, nyingine zikijulikana katika nyumba yake tu. Mwalimu wa namna hiyo hufanana na fundi seremala ambaye mikono inatetemeka lakini jicho linaona ubao uliopinda kabla haujapimwa. Zamani fundi huyo alikuwa na mikono ya vijana waliomzunguka. Leo vijana hao wako New Jersey, London, Toronto au Bangalore, naye magoti hayamruhusu kupanda ngazi.

5. Hesabu ya milisekunde

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Mwanafunzi aliyeketi mita moja mbele ya mwalimu humsikia baada ya milisekunde tatu, muda ambao hakuna sikio linaloutambua. Watafiti wa muziki wamepima wapigaji wanaosikilizana kwa kuchelewa, wakaona kwamba kuchelewa kukizidi milisekunde 25 au 30 hivi, mwendo huanza kuzorota, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Sasa na achukuliwe mwalimu wa Pune na mwanafunzi wa New Jersey. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 12,000. Mwanga ndani ya uzi wa kioo uliolazwa chini ya bahari husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama uzi ungenyooka kabisa, na hata kama hakungekuwa na kompyuta yoyote njiani, sauti ingechelewa milisekunde 60 na zaidi kwenda peke yake. Uzi haunyooki, na mashine za kila upande huikusanya sauti, huibana na kuifungua. Kuchelewa kwa milisekunde 150 kwa upande mmoja ni jambo la kawaida. Mwalimu akipiga makofi ya teental, mzunguko wa mapigo kumi na sita, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 500. Mwanafunzi hulisikia kofi baada ya milisekunde 150, huitikia papo hapo, na mwitikio wake humfikia mwalimu baada ya milisekunde 150 nyingine. Mwalimu anamwona mwanafunzi wake amechelewa kwa zaidi ya nusu ya pigo. Mwanafunzi, kwa upande wake, anaapa kwamba yuko sawa. Wote wawili wanasema kweli.

Hakuna mtaalamu wa mashine atakayeliondoa jambo hili, kwa sababu sehemu yake kubwa ni umbali wenyewe na mwendo wa mwanga. Ndiyo kusema kwamba kuimba pamoja, ambako kumetajwa hapo juu kuwa kiini cha talim, ndiko hasa kusikowezekana.

Kuna kasoro nyingine, ndogo kwa fundi na kubwa kwa mzee. Programu za mazungumzo zilitengenezwa kwa ajili ya mikutano ya ofisi. Zimefundishwa kwamba sauti isiyobadilika ni kelele, mfano feni au injini, na kelele huondolewa. Tanpura ni sauti isiyobadilika. Basi mzee huwasha tanpura yake, anaisikia vizuri chumbani, lakini mwanafunzi haisikii, au huisikia ikija na kutoweka kama mtu anayezama majini. Noti ndefu ya mwimbaji nayo, baada ya sekunde chache, programu huanza kuishuku. Tena, watu wawili wakitoa sauti kwa wakati mmoja, mashine humnyamazisha mmoja ili mwingine asikike. Programu kadhaa siku hizi zina mahali pa kuchagua sauti ipite bila kusafishwa, na mwalimu aliyeonyeshwa mahali hapo na mjukuu wake huokoa masomo mengi. Lakini mtandao ukidhoofika, kipande cha sauti hukatika katikati ya kuteleza kutoka noti hadi noti, na mwalimu hawezi kujua kama aliyekosea ni mwanafunzi au ni waya. Wazee hulilalamikia hilo kuliko yote. Mtu aliyetumia miaka hamsini kuliamini sikio lake analazimika sasa kuuliza: hapo uliimba hivyo, au nimesikia vibaya?

6. Zamu

Walimu wamelijibuje tatizo hili? Kwa sehemu kubwa, kwa kuimba kwa zamu. Mwalimu huimba kifungu, hunyamaza. Mwanafunzi hukiimba peke yake, hunyamaza. Kila mmoja ana tanpura yake. Ala hiyo imekuwa ikitengenezwa kwa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa imo katika simu, kwa hiyo si vigumu kuzilinganisha mbili. Mapigo hushikwa na mwanafunzi kwa mashine iliyo upande wake, na mwalimu husikiliza bila kupiga makofi. Khayal ya polepole sana, ambayo pigo moja laweza kuchukua sekunde kadhaa, huvumilia kuchelewa; vifungu vya kasi huachwa kwa mazoezi ya peke yake.

Hapa ndipo panapotokea jambo lisilotarajiwa. Chumbani, mwanafunzi dhaifu angeweza kujificha ndani ya sauti ya mwalimu kwa mwaka mzima. Akiimba pamoja naye, hudhani anajua. Kwenye kompyuta hana pa kujificha. Kila kifungu hukiimba uchi, na mwalimu hana la kufanya ila kusikiliza. Kwa mwalimu kijana, anayefundisha kwa wingi wa sauti yake, hiyo ni hasara. Kwa mzee ambaye sauti imepungua na sikio limebaki, ugawaji huo wa kazi unalingana kwa namna ya ajabu na hali ya mwili wake. Anaimba kidogo, anasikia sana. Pumzi inayomtosha kifungu kimoja inatosha somo.

Mabadiliko mengine yanamhusu zaidi mwanaisimu. Somo la zamani lilikuwa na maneno machache mno. Mwalimu alikubali kwa kichwa, alikataa kwa mkono, aliichora noti hewani kwa vidole. Kwenye kioo kidogo mkono hutoka nje ya picha, na picha hukwama. Kwa hiyo mzee hulazimika kusema. Husema kwa Kimarathi, kwa Kihindi, kwa Kibengali, na kwa wanafunzi waliozaliwa ughaibuni husema kwa Kiingereza, lugha ambayo haina neno la mengi anayotaka kuyasema. "Andolan" ni kuyumba kwa polepole, "gamak" ni kutikisa kwa nguvu, "kan" ni noti inayogusana na nyingine kama kivuli, "meend" ni mtelezo. Maneno haya yalikuwapo tangu zamani, lakini mwalimu aliweza kufundisha miaka kumi bila kulitamka hata moja. Sasa hutamkwa kila somo, hufafanuliwa, hufananishwa na maji, na kamba, na bembea. Elimu iliyokaa kooni inapewa istilahi, na anayeipa ni mzee wa miaka sabini ambaye hakufikiri kamwe kwamba angehitaji kuwa mwalimu wa lugha.

7. Kumbukumbu za mashine

Kishori Amonkar (1932–2017) alikuwa binti wa Mogubai Kurdikar na mwanafunzi wake. Alipata kusimulia kwamba mama yake aliimba kifungu mara mbili tu, na ya tatu hakuna. Asiyeshika alikwisha poteza. Ukali huo ulimfundisha kusikiliza kwa mwili mzima.

Mwanafunzi wa intaneti hurekodi somo, tena kwa idhini. Hulisikiliza mara ishirini ndani ya gari akienda kazini. Faida yake haina haja ya kutetewa: bandish iliyojulikana katika nyumba moja haifi tena na mwenye nyumba, na mzee mgonjwa anaweza kuimba mistari yake minne kitandani na kuituma kwa simu. Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba chumbani mwalimu hakuimba kifungu kilekile mara mbili kwa namna moja. Kila mara alikigeuza, na kwa kugeuza alimfundisha mwanafunzi kubuni. Rekodi haigeuki. Uimbaji wa Jumanne moja, labda Jumanne ya mafua, huwa ndiyo sheria. Ya pili ni mbaya zaidi. Mwanafunzi anayesikiliza mara ishirini hushika pia kisichofundishwa. Hushika mtetemeko wa uzee, hushika mahali ambapo mzee alivuta pumzi kwa sababu mapafu yamechoka, hushika Sa aliyoishusha kwa kuwa hawezi tena kupanda. Wako vijana wa miaka ishirini na tano wanaoimba kama watu wa miaka sabini na mitano, nao hudhani ni mtindo wa gharana. Mwalimu mwangalifu huwaambia mapema: hapa mimi hukata kwa kukosa pumzi, wewe usikate. Kukiri huko mbele ya mwanafunzi si jambo jepesi katika desturi ambayo guru hakosolewi.

8. Alfajiri ya nani?

Raga nyingi zina wakati wake. Bhairav, yenye re na dha za chini zinazoyumba, ni ya asubuhi na mapema. Yaman, yenye ma iliyopandishwa, ambayo wanaoanza hufundishwa mapema, ni ya jioni baada ya jua kutua. Mwalimu wa Pune anapofundisha saa moja asubuhi, mwanafunzi wake wa New Jersey yuko katika saa tatu na nusu usiku wa jana yake wakati wa kiangazi, na saa mbili na nusu wakati wa baridi. Bhairav ni sahihi kwa mmoja na ni makosa kwa mwingine. Mwalimu akihamia saa moja jioni ili afundishe Yaman, New Jersey ni asubuhi. Wako wazee waliokataa kabisa na kufundisha raga za asubuhi kwa wanafunzi wa mashariki tu. Wengine wamesema wakati wa somo ni wakati wa mwenye kufundisha, maana hata zamani mwanafunzi aliifuata saa ya nyumba ya mwalimu. Jibu hili la pili lina mantiki kuliko linavyoonekana: kompyuta haimleti mwalimu New Jersey, bali humrudisha mwanafunzi Pune kwa saa moja.

Wanafunzi wenyewe ni watu wa aina nyingi. Wengi ni watoto wa wahamiaji. Lakini si wachache walio watu wazima, waliostaafu, ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za kuwalipia masomo ya muziki au hawakutaka binti aimbe hadharani. Kati ya mwalimu wa miaka sabini na mwanafunzi wa miaka sitini kuna subira ambayo kijana hana. Koo zote mbili zinajua mipaka yake, na Sa huchaguliwa bila kiburi. Umbali wa saa hauwi kikwazo kila mahali. Mji wa Nairobi, wenye jamii ya Wahindi ya siku nyingi, uko nyuma ya India kwa saa mbili na nusu tu. Katika pwani hiyo ya Afrika Mashariki sauti za India si ngeni: tabla na harmoniamu zimo katika taarabu, na Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi. Nyimbo za filamu ni jambo jingine, na mabingwa wa khayal hawapendi zichanganywe na kazi yao. Lakini masikio yaliyozizoea hayaanzi safari kutoka mbali sana.

9. Malipo, na ziara

Zamani mwanafunzi hakulipa kwa saa. Alitumikia, na mwishoni alitoa zawadi, "dakshina", kadiri ya uwezo wake. Mwimbaji aliyeishi kwa matamasha hakuwa na pensheni, na mialiko ilipokoma, aliishi kwa ukarimu wa wanafunzi. Sasa malipo hufika kila mwezi kupitia benki, kutoka nchi zenye fedha yenye nguvu. Hakuna haja ya kuona haya kulitaja hilo: kwa wazee wengi masomo hayo ndiyo dawa na kodi ya nyumba. Pamoja na malipo imekuja kalenda, na pamoja na kalenda mwanafunzi anayesema kwa adabu kwamba saa yake imekwisha. Katika talim ya zamani mwalimu ndiye aliyefunga somo, pengine baada ya dakika kumi, pengine baada ya saa tano.

Salamu nayo imebadilika. Mwanafunzi alipaswa kugusa miguu ya guru kabla ya kuketi. Kwenye kioo huinama mbele ya kamera, na mzee huinua kiganja cha baraka, wakati mwingine kikiwa kimeganda hewani kwa sababu ya mtandao.

Walimu wengi huweka sharti moja: mara moja kwa mwaka, au kila baada ya miaka miwili, mwanafunzi aje. Akija, jambo la kwanza halihusu raga yoyote. Huketi nyuma ya mzee, hupewa tanpura ya mti, na huambiwa aimbe naye Sa peke yake, kwa pumzi ndefu. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba sauti aliyoijua kwa miaka mitatu kupitia vifaa vya masikioni ni ndogo kuliko alivyodhani, kwamba hujaza chumba kwa namna ambayo kipaza sauti hakikuwahi kuionyesha, na kwamba pumzi ya mwalimu huisha mapema. Inapoisha, yeye huendelea kuishikilia noti. Mzee huvuta hewa bila haraka, kisha huingia tena ndani yake.